Mizizi Isiyogusa Udongo: Kutoka Bugembe Hadi Kinamasi cha Kirinya

Msafiri aondokaye Jinja mjini kuelekea Iganga huwa hajatulia vizuri kitini mwake wakati kondakta anapoanza kuita, "Bugembe! Wa Bugembe wajitayarishe!" Mwendo wenyewe ni wa kilomita tano au sita tu, katika barabara kuu ile ile iendayo Tororo na mpaka wa Kenya, ambayo malori hayakomi kuipita usiku na mchana. Pande zote mbili yapo maduka ya vyuma na saruji, vibanda vya wachoma gonja, vijana wa bodaboda wanaongoja abiria, na akina mama waliotandaza nyanya na vitunguu juu ya magunia.

Bugembe si mahali padogo katika mambo ya Busoga. Kilimani pake ndipo yalipo makao ya serikali ya Kyabazinga, na ndipo Gabula wa Nne alipotawazwa tarehe 13 Septemba 2014. Kanisa Kuu la Kristo la Dayosisi ya Busoga liko huko huko. Tangu tarehe 1 Julai 2020, Bugembe, ambayo hapo awali ilikuwa na halmashauri yake ya mji mdogo, imo ndani ya Jiji la Jinja. Lakini mgeni atakaye kuijua Bugembe ilivyo hasa asiishie kilimani. Na ateremke nyuma ya maduka, aingie katika vichochoro, ndipo atakapoona vyumba vya kupanga vilivyojengwa safu kwa safu, ambavyo watu wa huko huviita mizigo: mlango mmoja, dirisha moja, na mbele yake kibaraza cha saruji kisichozidi hatua tatu.

Humo ndimo wakaamo waalimu, wauguzi, vibarua wa viwandani, na pia jamaa za askari. Kambi ya jeshi ya Jinja na chuo cha maofisa cha Kimaka haviko mbali, na si kila askari apataye nyumba ya kambini. Ukiendelea mbele kidogo kwa barabara hiyo hiyo utaikuta Kakira, ambako Muljibhai Madhvani alianzisha kiwanda cha sukari mwaka 1930, na miwa imejaa kila upande hata jicho lichoke. Ardhi basi ipo tele, ila si ya mpangaji. Mpangaji wa Bugembe anao ule uwanja wake wa saruji, na akipiga jembe hapo atakuwa na kesi na mwenye nyumba.

Nyuma ya safu moja ya vyumba hivyo, mke wa koplo mmoja alipanga mabeseni sita ya plastiki chini ya ukuta. Mumewe alikuwa zamu yake Somalia, ambako majeshi ya Uganda yamekuwa yakitumwa tangu mwaka 2007. Mshahara ulikuwa ukifika, lakini karo za watoto watatu, kodi ya chumba na mafuta ya taa viliupokea mlangoni kabla haujaketi. Mama huyo alikuwa amesikia habari za kilimo cha bila udongo, akakopa fedha katika kikundi cha akiba cha wanawake wenzake, akanunua mabeseni, mbegu za sukuma wiki, mbolea, na vipande vya lile povu jeupe ambalo hufungashiwa redio na televisheni. Katika povu akatoboa matundu, katika kila tundu akatia mche, na chini yake akajaza maji yenye mbolea. Alikusudia kula mboga zake mwenyewe na kuwauzia majirani fungu moja moja, kisha alipe deni kwa miezi minne.

Jambo hili si geni duniani, wala si mchezo wa watu wa mjini. Mnamo miaka ya 1930 William Gericke, mtaalamu wa Chuo Kikuu cha California, aliotesha minyanya iliyopita kimo cha mtu katika matangi ya maji yaliyotiwa madini, naye ndiye aliyelieneza jina la haidroponiki mwaka 1937. Askari ndio waliokuja kuupa ufundi huo kazi ya kweli. Katika kisiwa cha Ascension, kilicho mwamba wa volkano katikati ya bahari ya Atlantiki, jeshi la Marekani lilijenga vitanda vya changarawe mwaka 1945, likavinywesha maji yenye madini, na askari wakala saladi na nyanya mbichi mahali ambapo jembe lisingepata pa kuingia. Mwaka uliofuata, huko Chofu karibu na Tokyo, bustani ya namna hiyo ilienea hekta 22. Kwa hiyo mke wa koplo alikuwa akifuata nyayo za jeshi, ijapokuwa yeye mwenyewe hakuwa na habari nazo.

Majuma matatu ya kwanza mambo yalikwenda vyema. Majani yalinawiri, na majirani waliokuwa wakicheka "shamba la beseni" wakaanza kuulizia bei. Katika juma la nne majani yakaanza kulegea mchana wa jua kali, ingawa miche ilisimama ndani ya maji. Hilo ndilo humchanganya mtu: mmea unakufa kwa kiu na miguu yake imo majini! Mama huyo alipoinua povu aliona mizizi iliyokuwa myeupe imegeuka rangi ya kahawia na kuteleza kama bamia, na harufu yake ilikuwa ya mtaro. Alipouvuta mzizi mmoja kwa vidole, ngozi yake ilivuka kama soksi, ukabaki uzi mwembamba katikati.

Dalili hiyo ya ngozi kuvuka yafaa kukumbukwa, maana si kila mzizi wa kahawia umeoza. Maji yenye rangi ya chai, au mbolea yenye chuma, huweza kuupaka mzizi rangi bila ya kuudhuru. Mzizi mzima, hata ukipakwa rangi, hukaza ukivutwa. Ule ulioshikwa na uozo wa Pithiamu, kijidudu kipendacho maji ya uvuguvugu yasiyo na hewa, huacha ngozi yake mkononi.

Sokoni Jinja akaelekezwa kwa muuza dawa za kilimo. Huyo alimwonyesha chupa ndogo ya vimeng'enya vya mizizi iliyotoka ng'ambo, ambayo bei yake ingemaliza posho ya juma zima. Kisha, kwa huruma au kwa biashara, akamtolea mfuko wa unga wa rangi ya pumba. "Huu ni wa mabwawa ya samaki, mama. Wafugaji huutia bwawani ule matope ya chini. Kazi yake ni ile ile, na bei haifiki robo."

Muuzaji huyo hakusema uongo. Vimeng'enya ni protini zinazotengenezwa na viumbe hai ili kuvunja vitu vikubwa viwe vidogo, na mama wa nyumbani huvitumia kila siku bila kuviita kwa jina hilo. Anayefunga nyama ngumu kwa jani la mpapai anatumia kimeng'enya kinacholegeza nyama. Wazee wa Mbale na Teso watengenezapo malwa huotesha ulezi kwanza uwe kimea, kwa sababu kimea kina vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Bila kimea hakuna pombe, utabaki na uji. Kila kimeng'enya kina kazi yake. Cha papai hakitavunja mzizi uliokufa, kwa kuwa mzizi ni nyuzi nyuzi na si nyama. Wale wanaovundika maganda ya matunda wakadhani wamepata dawa ya mizizi, aghalabu wamejipatia siki. Kuvunja mzizi uliokufa kwahitaji vimeng'enya vya kuyeyusha nyuzi, na hivyo hutolewa na bakteria na kuvu wa namna fulani. Ule unga wa bwawani aghalabu huwa na bakteria hao wakiwa wamelala, wamechanganywa na pumba, na mara nyingine vimeng'enya vyenyewe vimeongezwa. Wanapoamka majini huanza kutoa vimeng'enya na kula kilichokufa.

Basi akautia. Aliambiwa pia kwamba bakteria hupenda utamu, naye akaongeza molasi kidogo ya Kakira. Siku ya pili povu likatanda juu ya maji. Siku ya tatu mabeseni mawili yakanuka vibaya kuliko mwanzo, na miche yote iliyokuwamo ikalala. Fedha za kikundi zilikuwa zimekwisha, na mkutano wa marejesho ulikuwa Jumapili ya pili yake.

Katika safu hiyo hiyo ya vyumba alikaa mzee mmoja aliyevua samaki Masese kwa miaka mingi kabla macho yake hayajapungua nguvu. Alikuja akavuta kigoda, akanusa, akatumbukiza kidole.

"Mwanangu, maji haya unayajaza mara ngapi?"

"Kila asubuhi, Mzee. Yakipungua hata kidogo nayajaza mpaka yaguse povu. Sitaki mizizi ikauke."

Mzee akatikisa kichwa, wala hakusema la zaidi. Alimwambia tu kwamba kesho yake, akiwa na nafasi, wangeteremka pamoja mpaka Kirinya.

Kwenda Kirinya kutoka Bugembe ni kurudi upande wa mjini, kisha kushika njia ya Walukuba, ule mtaa wa nyumba za wafanya kazi uliojengwa zama za viwanda vya Jinja, na kuendelea kuelekea ziwani. Vilima vya Wanyange hubaki upande wa kushoto. Jua la asubuhi huwa limelipiga ziwa, na maji yametulia kama bati jipya. Halafu, kabla ya kufika majini, njia huingia katika ukuta wa kijani: ni mafunjo, mengine yakiwa na kimo cha watu wawili na zaidi, vichwa vyake vimetawanyika kama nywele za mtoto aliyetoka usingizini. Ndege wasioonekana hulia humo ndani. Ardhi huanza kubonyea chini ya nyayo, na mtu mzito hufikiri mara mbili kabla hajaweka mguu wa pili.

Kwa hakika si ardhi. Penye maji mengi mafunjo hayashiki chini. Mashina yake yanayolala hufungamana yakawa kama mkeka mnene, mkeka ukaelea juu ya maji, na mizizi ikaning'inia chini yake bila kugusa udongo. Hiki ndicho kilimo cha bila udongo kilichokuwapo Jinja kabla Speke hajafika mwaka 1862 kutazama mto Naili ukitoka ziwani, na hakuna aliyewahi kukiwekea dawa.

Tena maji yanayonywewa na mizizi hiyo si masafi. Hapo Kirinya ndipo yalipo madimbwi ambamo Shirika la Taifa la Maji huyapumzisha maji taka ya Jinja. Katika madimbwi hayo jua, mwani na bakteria huanza kazi, kisha maji hutolewa kuingia katika kinamasi, na kinamasi huyapokea kabla hayajafika Ghuba ya Napoleon. Wataalamu, miongoni mwao Frank Kansiime wa Chuo Kikuu cha Makerere, wamekichunguza kinamasi hiki kwa makini. Mwaka 2007 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi kuhusu jinsi matope yake yanavyoizuia fosfori isiende ziwani. Uchafu ambao katika beseni la Bugembe uliua miche kumi na miwili, hapa unalisha msitu mzima.

Mzee alikata shina moja la mafunjo, akalipasua kwa kucha na kumwonyesha mwenzake. Ndani mlikuwa mweupe, mwepesi, umejaa matundu kama sponji. Kwa matundu hayo mmea huteremsha hewa kutoka majanini hadi mizizini, kama vile mtu aliyezama anayevuta pumzi kwa mrija. Kisha akauinua ukingo wa mkeka. Mizizi ya chini kabisa ilikuwa majini, lakini mingine mingi ilikaa katika tabaka la unyevu lililo baina ya maji na hewa, nayo ilikuwa na vinyweleo vingi mithili ya velveti.

"Umeona inapumulia wapi?" akauliza. "Wewe wako uliupa hewa siku ya kwanza. Halafu kila asubuhi ukawa unauzamisha."

Hapo ndipo kosa lilipokuwa. Mche unapokunywa maji yakapungua, hubaki nafasi chini ya povu, na katika nafasi hiyo yenye unyevu mmea huotesha mizizi ya kuvutia hewa. Bernard Kratky wa Chuo Kikuu cha Hawaii ameijenga njia yake yote ya kilimo cha maji yasiyotembea juu ya jambo hilo moja: beseni lijazwe mwanzoni, kisha liachwe lipungue, na nafasi ya hewa ikue pamoja na mmea. Anayerudisha maji hadi juu huizamisha mizizi ya hewa kwa ghafla, na siku chache baadaye huiona imeoza. Mama yule hakuwa mvivu. Bidii yake ndiyo iliyoua mboga.

Ikumbukwe pia kwamba maji ya Jinja yana hewa haba kuliko ya pwani. Maji ya uvuguvugu wa nyuzi 20 usawa wa bahari hubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 30, hubeba kama saba na nusu. Na kwa kuwa ziwa hili liko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, toa tena kadiri ya sehemu moja ya nane. Beseni jeusi lililopigwa na jua la saa nane limekwisha poteza hewa nyingi kabla mzizi haujavuta chochote. Ukiongeza molasi, unawakaribisha mamilioni ya bakteria karamuni, na wote huvuta ile ile hewa kidogo. Wakati wanapomaliza karamu mzizi umekwisha kufa, nao hurudi kuula. Unga wa bwawani ulifanya kazi yake barabara, ila haukuleta hewa, kwa maana haina.

Njiani kurudi walipita karibu na ukingo wenye magugu maji, na mzee akasimama kuyatazama kama mtu atazamaye adui wa zamani. Magugu hayo, ambayo asili yake ni Amerika ya Kusini, yalionekana upande wa Uganda wa ziwa mwaka 1989. Katika miaka michache yaliziba mialo ya wavuvi, yakazuia mitumbwi isitoke, yakasukumwa na maji hata kwenye bwawa la umeme la Owen Falls, lililofunguliwa mwaka 1954 na ambalo sasa huitwa Nalubaale. Serikali ilileta mashine za kuyavuna. Mwaka 1995 wakaachiliwa wadudu wadogo wa jamii ya fukusi wanaokula mmea huo peke yake, na kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 sehemu kubwa ilikuwa imeoza na kuzama. Mizizi ya gugu maji ni kama manyoya meusi, na kila unyoya umejaa bakteria. Huko kusini ya Bangladesh wakulima huyarundika magugu hayo yakawa vitanda vinavyoelea, wakapanda mboga juu yake wakati wa mafuriko, na mwaka 2015 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliutambua ufundi huo kuwa urithi wa kilimo. Lakini katika ziwa letu konokono wa kichocho hupenda kujificha penye magugu. Mtu asiingie majini kuyavuna bila mabuti.

Na hapa pana onyo jingine. Anayeviona vijidudu vya Kirinya vikifanya kazi nzuri hivyo anaweza kushawishika kuchota ndoo moja aende nayo nyumbani. Asithubutu. Maji yale yana vijidudu vya kuhara, homa ya matumbo na minyoo, na sukuma wiki hulika pengine kabla haijaiva vizuri. Somo la kinamasi lichukuliwe. Maji yake yaachwe huko huko.

Mahali salama pa kupata vijidudu vizuri ni bwawa safi la samaki, na Jinja haikosi wajuzi wa samaki. Taasisi ya uchunguzi wa samaki imekuwapo mjini humo tangu mwaka 1947, ilipoanza kuwa shirika la Afrika ya Mashariki nzima, na wafugaji wa ngege na kambare wa Busoga wameiona faida yake. Mfugaji wa samaki anajua kitu ambacho muuza mboga hakijui: adui wake ni amonia itokayo katika mavi ya samaki. Bakteria wa aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, na wa aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati. Samaki huidhurika na amonia, hali mboga huipenda nitrati. Bakteria hawa hawaishi vizuri katika maji matupu. Hutaka jiwe la kushika na hewa ya kupumua, nao huchukua majuma manne au sita kujenga makao. Kwa sababu hiyo anayetia mbolea ya urea katika beseni jipya huiunguza mizizi, kwani bado hapana wa kuigeuza. Mama yule naye alikuwa ametia urea, kwa kuwa ndiyo rahisi.

Siku ile ile alianza upya na mabeseni manne. Aliyaosha kwa sabuni, akayaanika juani. Maji ya bomba aliyaacha ndani ya ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke. Badala ya urea alinunua mbolea yenye nitrati, robo kilo, kwa fedha alizoazima kwa dada yake. Mabeseni aliyahamishia upande wa ukuta usiopata jua la mchana, akayafunika kwa gunia jeupe ili mwanga usiingie ukaotesha ukoga. Kisha akachora alama kwa msumari ndani ya kila beseni, upana wa vidole vitatu chini ya povu, na kuwaamuru watoto kwamba maji yasipite alama hiyo, hata kama wakimwona amelala.

Pampu ya hewa hakuwa nayo. Umeme wa Nalubaale huzalishwa mbele ya macho ya watu wa Jinja, lakini mita ya chumba hula fedha kama mtu mwingine. Badala yake, asubuhi na jioni alichota maji kwa kopo na kuyamimina kutoka juu, kama muuza chai apozavyo kikombe cha mteja mwenye haraka. Maji yanapoanguka na kutoa mapovu hunyakua hewa. Kwa mabeseni mawili aliyapitisha maji hayo kwanza katika ndoo iliyotobolewa chini na kujazwa changarawe iliyooshwa, akaiweka changarawe hiyo unyevu daima ili bakteria wapate makao.

Unga wa bwawani haukutupwa. Uliosalia mfukoni aliutumia katika mabeseni mawili tu: ncha ya kijiko mara moja kwa juma, bila molasi, na baada ya miche kukata kiu na kujiachia nafasi ya hewa. Yale mengine mawili hakuyatia kitu. Baada ya majuma matano mabeseni yote manne yalikuwa hai. Yaliyotiwa unga yalikuwa na mizizi iliyotakata zaidi, na maji yake hayakuwa na vipande vipande vinavyoelea. Nyuzi zilizokufa zilikuwa zimeliwa kabla hazijawa chakula cha Pithiamu. Kwa majani, tofauti ilikuwa ndogo. Anayetaka kuununua unga huo aombe ule wa mabwawa ya samaki usiotiwa manukato, wala asichukue ule wa vyoo, ambao mara nyingine huchanganywa na dawa za kuua vijidudu na za kuleta harufu. Asiwe na fedha, na aanze na ule msumari.

Mkutano wa kikundi ulipofika, mama huyo hakuwa na rejesho kamili. Alisimama akaeleza, na mweka hazina, ambaye naye ni mke wa polisi, akamwandikia mwezi mmoja zaidi bila faini, kwa sharti kwamba Jumamosi aje awaonyeshe wenzake ile alama ya vidole vitatu. Walikuja saba. Wawili walirudi makwao wakafanya vile vile. Mmoja alijaza beseni mpaka juu, kwa sababu aliona haya kuliacha nusu tupu mbele ya wageni.

Mwisho wa muhula deni lilikuwa limebaki kama theluthi. Koplo alipopiga simu kutoka Mogadishu aliuliza habari za watoto, kisha akauliza kama yale mabeseni yangalipo au yamegeuzwa ya kufulia. Mkewe akamjibu kwamba yapo, ila moja limekwenda kwa Mzee wa chumba cha mwisho, ambaye alilitaka apande nakati.